Jinsi ya kuthibitisha kama maikroRNA yako kweli inazuia kansa, sio kwamba imeshuka tu

Wadogo zangu mnaosoma masters na PhD za baiolojia, kuna swali linanifikia karibu kila muhula na linakuja hivi: nimepima uvimbe na tishu yenye afya iliyo jirani yake, kuna maikroRNA nimeikuta imeshuka sana kwenye uvimbe, je niandike kwamba inazuia kansa? Jibu langu ni bado. Kushuka ni kitu kimoja, kuzuia ni kitu kingine kabisa, na katikati hapo kuna kazi ya mwaka au miwili ambayo wengi wanairuka, wanaenda moja kwa moja kuandika "inaweza kuwa dawa". Inaniuma kwa sababu wagonjwa na ndugu zao wanasoma hizo sentensi na wanazibeba kama tumaini.

Kwa hiyo naandika hapa njia ninavyoifuata mimi, kuanzia kwenye kompyuta hadi kwa panya. Chukua kinachokufaa.

Kwa ambaye ndo anaingia, haraka haraka. MaikroRNA ni kipande kifupi cha RNA, herufi kama 22 hivi, hakitengenezi protini yoyote. Kinaanza kama uzi mrefu uliojikunja mfano wa pini ya nywele ndani ya kiini cha seli, kimeng'enya kinaitwa Drosha kinaukata, unatolewa nje ya kiini, kimeng'enya kingine kinaitwa Dicer kinaukata tena, alafu upande mmoja unapakiwa kwenye protini ya Argonaute. Sasa Argonaute inatembea na huo uzi ikitafuta mRNA, yaani nakala za jeni zinazosomwa kutengeneza protini, ambazo zinaoana na herufi ya 2 hadi ya 8, hizo tunaziita mbegu, ikiipata inaizuia isitafsiriwe kuwa protini na mara nyingi inaisababisha ivunjwe kabisa. Mbegu ni fupi, ndo maana maikroRNA moja inaweza kugusa mamia ya mRNA, ila kila moja inaiminya kidogo tu. Shika hilo neno, kidogo tu, litarudi huko mbele. Victor Ambros na Gary Ruvkun ndo walioonyesha jambo hili mara ya kwanza kwa mnyoo mdogo wa C. elegans mwaka 1993, lin-4 inavyoiminya lin-14, na Nobel wamekuja kuipata 2024.

Mfano wa kupimia kazi yako

Kabla hujaanza, soma kesi ya miR-15a na miR-16-1 mpaka uielewe, maana ndo iliyopita karibu kila mtihani. Kuna kansa ya damu inaitwa CLL, ya polepole, inashika zaidi watu wazima. Watafiti walijua muda mrefu kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wake wamepoteza kipande cha kromosomu 13, sehemu ya 13q14. Wakatafuta ndani ya kipande hicho jeni ya protini ambayo ingekuwa mlinzi, hawakupata ya kueleweka. Mwaka 2002 George Calin na wenzake kwenye maabara ya Carlo Croce huko Marekani wakaonyesha kwamba ndani ya hicho kinachopotea kuna maikroRNA mbili zimekaa jirani. Mwaka 2005 wakaonyesha zinaminya BCL2, protini inayozuia seli isijiue, yaani zikitoweka BCL2 inapanda na seli iliyotakiwa kufa inabaki hai. Alafu 2010 kundi lingine la New York wakazifuta kwa panya, panya wakaumwa ugonjwa unaofanana na CLL ya binadamu.

Ona ulivyo mnyororo wenyewe. Imepotea kwenye DNA kabisa, lengo lake linajulikana, na ukiiondoa kwa mnyama mzima kansa inakuja. Kila mara nikiwa na maikroRNA mpya mkononi najiuliza, mnyororo wangu umefika pete ya ngapi?

Anza na swali la kwanini imeshuka

Ukishapata jina, usikimbilie friza. Kaa na kompyuta siku mbili tatu, haikugharimu kitu zaidi ya bando. Fungua miRBase, hifadhi ya mtandaoni ya maikroRNA, uchukue herufi zake kamili na uone jeni yake iko kromosomu gani, na andika wazi kama ni 5p au 3p. Ile pini ya nywele ina pande mbili, kila upande una mbegu yake na malengo yake, mtu anaandika jina bila upande, anaagiza oligo, vipande vifupi vya RNA au DNA vya kutengenezwa, za upande usio wake, zinafika baada ya wiki sita na hela ndo imeenda hivyo.

Alafu ingia kwenye data za TCGA, hifadhi kubwa ya data za jeni za uvimbe, ziko wazi kwa kila mtu, angalia kama sehemu hiyo ya kromosomu inafutika kwenye kansa unayoisoma. Kama haifutiki, angalia kama promota yake, yaani swichi ya kuiwasha jeni, imefungwa kwa methilesheni, alama za kemikali juu ya DNA, miR-34a kwa mfano inazimwa hivyo kwenye kansa kadhaa. Au bosi wake kafa: miR-34a hiyo hiyo inawashwa na p53, protini maarufu inayolinda seli dhidi ya kansa, makundi kadhaa yalionyesha hilo mwaka mmoja 2007, kwa hiyo p53 ikiharibika na yenyewe inazimika. Au mashine inayozitengeneza zote ndo imeharibika, kama kwa watoto waliozaliwa na hitilafu ya jeni ya DICER1 wanaopata uvimbe adimu wa mapafu, na baadhi ya uvimbe wa figo wa watoto, Wilms, ambao umekutwa na hitilafu ya DROSHA. Hapo usiseme maikroRNA yako ina jambo la pekee, zimeguswa nyingi kwa mpigo.

Na kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna Burkitt. Denis Burkitt aliuelezea huo uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958 akiwa Uganda, na leo tunajua kwamba kiini chake ni jeni ya MYC kuhamishwa na kupachikwa jirani na jeni za kingamwili, ikawa inafanya kazi bila breki. MYC ikipanda hivyo inazima maikroRNA nyingi kwa pamoja, zikiwemo miR-15a na miR-16, za ukoo wa let-7, na miR-34a. Kwa hiyo kwenye Burkitt ukikuta miR-16 iko chini, anza kumuuliza MYC kwanza. Na kitu kingine ambacho wengi wanasahau, virusi vya EBV (Epstein-Barr) vilivyomo kwenye Burkitt nyingi za huku kwetu vina maikroRNA zake vyenyewe, ndo virusi vya kwanza kujulikana kuwa nazo, 2004. Ukisoma data zako za RNA ukazilinganisha na jinomu ya binadamu peke yake unazitupa hizo zote. Linganisha na jinomu ya EBV pia.

Seli gani hasa?

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wengi wanaanguka, na wanaanguka wakiwa na data safi kabisa.

miR-143 na miR-145 kwa miaka mingi ziliandikwa kama walinzi wa utumbo mpana. Na kweli, kila aliyepima uvimbe wa utumbo mpana alizikuta chini, Ulaya, Asia, Marekani, kila mahali. Mwaka 2014 maabara ya Joshua Mendell wakauliza swali la kawaida tu, hizi maikroRNA zinakaa kwenye seli zipi? Wakakuta kwenye seli za epithelia, zile za ukuta wa ndani ambazo ndo zinageuka kansa, karibu hazipo kabisa. Zimejaa kwenye seli za mesenkaima, yaani misuli laini na faibroblasti. Sasa fikiria unachokata pale theata: kipande cha utumbo wa kawaida kinakuja na misuli yake, kipande cha uvimbe kimejaa epithelia. Hakuna kilichozimwa hapo. Ni sawa na mtu apime bizari kwenye sahani ya pilau na sahani ya wali mweupe, alafu aseme kuna mtu kaitoa bizari kwenye wali.

Nilipoisoma hiyo kazi nilirudi kwenye sampo zangu zote nikaanza upya.

Unajikinga vipi? Kabla hujasaga kipande chochote nenda kwa daktari wa patholojia, mwombe kwa heshima mkae wote kwenye hadubini dakika kumi, akuonyeshe kwenye slaidi ya kipande hicho hicho asilimia ngapi ni seli za kansa na ngapi ni misuli, mafuta na damu. Andika namba hiyo kwenye daftari kwa kila sampo. Ukiweza, chora maikroRNA yenyewe juu ya slaidi kwa probu inayong'aa uone inakaa wapi kwa macho yako. Kama huna uwezo huo, chukua laini za seli safi, epithelia peke yake na faibroblasti peke yake, pima zote. Ni wiki moja ya kazi na inaweza kukuokoa miaka mitatu.

Kupima bila kujidanganya

RNA hizi ni fupi sana na seti nyingi za kutolea RNA zimetengenezwa kwa ajili ya mRNA ndefu, kolamu yake inazipitisha zote zinaenda na maji machafu. Hakikisha seti yako inasema wazi kwamba inashika RNA ndogo. Kama unatumia TRIzol, kimiminika cha kutolea RNA, kuna mtego mwingine: ukianza na seli chache, baadhi ya maikroRNA zenye G na C chache zinapotea kwenye hatua ya kuganda, nyingine zinabaki. Maabara ya Narry Kim ya Korea Kusini walikutana na hilo kwenye kazi yao wenyewe. Walikuwa wameshachapisha kwamba maikroRNA fulani zinavunjwa seli zikiachana, baadaye wakagundua miR-141 na wenzake walikuwa wanapotea kwenye utoaji tu kwa sababu ya uchache wa seli, wakaiondoa ile makala na 2012 wakachapisha maelezo ya kosa lenyewe ili wengine tusirudie. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Kwa hiyo hesabu seli zako, na kila kundi unalolinganisha lianze na idadi ile ile.

Ukija kwenye PCR, kipimo cha kuzidisha nakala ili kuzihesabu, tumia primu (kipande kifupi cha kuanzishia) yenye kitanzi kwa maikroRNA moja moja, ama njia ya kuongeza mkia wa A kwa zote. Kwa kulinganishia usitegemee U6 peke yake, ni RNA nyingine ya seli, sio maikroRNA, ni ndefu mara kadhaa zaidi, na kwenye baadhi ya kansa yenyewe inabadilika. Jaribu nne au tano kwenye sampo zako, chagua mbili tatu zilizotulia.

Sasa damu. Hili naliandika kwa sababu lilinipata.

Nilikuwa nalinganisha plazma ya wagonjwa na plazma ya watu wenye afya waliojitolea, nikakuta miR-16 kwa wagonjwa iko juu sana, mstari wa kwenye chati unapendeza, nikawa nimeshaanza kuandika utangulizi. Siku moja natoa mirija kwenye friza ili nirudie kipimo, nikaipanga mezani kwenye barafu mstari kwa mstari, ikayeyuka, ndo nikaona. Mirija ya waliojitolea ilikuwa na rangi ya majani makavu, ile njano ya kawaida. Ya wagonjwa mingi ilikuwa na wekundu wa juisi ya tikiti. Nikarudi kwenye kumbukumbu za kuchukulia damu. Waliojitolea walitolewa asubuhi na damu ikazungushwa kwenye sentrifuji ndani ya saa moja, wagonjwa walitolewa kliniki, wengine kwa sindano nyembamba kwa sababu mishipa imeshachoka na dawa, alafu damu inakaa kwenye boksi hadi mchana jua likiwa kali. Chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka. Na chembe nyekundu zimejaa miR-16 na miR-451. Nilichokuwa nimepima ni safari ya damu kutoka kliniki hadi maabara, kansa haikuwepo kwenye ile chati hata kidogo.

Tangu siku hiyo kila mrija wa plazma naufanyia mambo mawili kabla ya chochote. Naupima mwanga kwenye nanomita 414, hapo hemoglobini inaonekana wazi, na napima miR-23a na miR-451 kwa pamoja, maana ya kwanza haitegemei chembe nyekundu na ya pili inatoka humo, tofauti ya Ct (mzunguko wa PCR ambao ishara inaanza kuonekana) ikizidi kama 7 naanza kuutilia shaka mrija huo. Na nakaa na dada zetu manesi mapema, nawaeleza kwa nini nahitaji muda uandikwe, wanasaidia sana wakielewa sababu.

Kuirudisha

Haya, umethibitisha kwamba imeshuka kweli, ndani ya seli za kansa zenyewe, na sababu unaijua. Sasa irudishe uone seli inafanyaje.

Chagua laini ya seli ambayo imeipoteza na nyingine ambayo bado inayo kwa wingi. Kabla ya kitu chochote peleka hizo laini zikapimwe utambulisho wake wa DNA na uzipime maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara. Seli za HeLa, za Henrietta Lacks aliyefariki Baltimore 1951, zimeingia kwenye laini nyingi sana za seli duniani bila watu kujua, unaweza kudhani unasoma kansa ya ini kumbe ni ya mlango wa kizazi.

Njia ya kawaida ni kuingiza mimiki, RNA ya kutengenezwa inayofanana na maikroRNA yako. Hapa dozi ndo kila kitu na hapa ndo ujanja mwingi wa bahati mbaya unafanyika. Mtu anaikuta protokali imeandikwa nanomola 100, anaweka 100, seli zinakufa, anafurahi. Kwa dozi hiyo umejaza Argonaute na mzigo wako, maikroRNA nyingine za seli zimekosa pa kukaa, kwa hiyo mRNA ambazo hazikuhusu nazo zinapanda na kushuka. Anza na 1, nenda 5, 10, 25, na baki na ndogo kabisa inayofanya kazi. Na usijipime kwa PCR baada ya transfeksheni, yaani kuingiza mimiki ndani ya seli, ukasema imepanda mara elfu tano, sehemu kubwa ya hiyo imenasa kwenye vifuko ndani ya seli, haijafika kwenye Argonaute, haifanyi kazi yoyote. Kama una uwezo, ni bora utumie lentivirusi, virusi vya kubebea jeni, yenye swichi inayowashwa na dawa ya doksisaiklini, unaipandisha maikroRNA mpaka kiwango kile kile kilichopo kwenye seli ya kawaida na unaacha hapo. Mimi matokeo ya namna hiyo nayaamini kuliko mimiki kumi.

Kontroli usiweke moja. Weka RNA ya herufi zilizovurugwa, weka na mimiki yako mwenyewe ikiwa na mbegu iliyobadilishwa herufi mbili tatu. Hiyo ya pili ni ya dhahabu, kwa sababu ikiua seli sawa na ile ya kweli basi kinachoua ni kemikali au dozi.

Alafu hesabu seli siku ya 1, ya 3, ya 5. Angalia kama zinajiua au zimesimama tu kugawanyika, sio kitu kimoja. Fanya kipimo cha makoloni kwa wiki mbili. Ule wa kukwangua mstari kwenye sahani na kuangalia unafunga vipi, kuwa mwangalifu nao, kama maikroRNA inapunguza kugawanyika basi mstari utachelewa kufunga hata kama seli zinatembea kama kawaida, na mtu ataandika imezuia kusambaa kwa kansa.

Kuiondoa

Hatua hii inarukwa kuliko zote na ndo yenye ushahidi mzito. Ile laini ambayo bado inayo, iondolee, kwa kizuizi cha antisense (uzi unaoishika na kuifunga) au kwa CRISPR (mkasi wa kukata jeni), uone kama seli inakuwa mkorofi zaidi. Ukirudisha unaonyesha inaweza kuzuia ikiwa nyingi. Ukiondoa ndo unaonyesha ilikuwa inazuia kweli katika hali yake ya kawaida.

Ila angalia ukoo. let-7 kwa binadamu ni ndugu wengi, let-7a na kuendelea mpaka let-7i, na miR-98, wote mbegu moja. Ukimwondoa mmoja ndugu zake wanashika zamu na wewe utasema haina kazi.

Lengo ni nani

TargetScan, programu ya mtandaoni ya kukisia malengo, itakupa orodha ya mamia. Usichague jeni kwa sababu ni maarufu. Chagua kwa mpangilio huu: tovuti ya mbegu imebaki ile ile kwa wanyama wengi, jeni hiyo kweli inaonekana kwenye seli zako, inapanda maikroRNA ikishuka, na kazi yake inaelezea kile ulichokiona kwenye sahani. Kazi ya maabara ya Frank Slack ya 2005 kuhusu let-7 na RAS ni ya kusoma hapa, walianza kwa mnyoo wakaona jenetiki yake, wakaja kwa binadamu wakaona KRAS nayo ina tovuti kadhaa za let-7, na kwenye uvimbe wa mapafu let-7 iko chini RAS iko juu.

Alafu kipimo cha lusiferasi. Unachukua ule mkia wa mRNA usiosomwa kuwa protini, 3'UTR, unaubandika nyuma ya jeni ya kimulimuli, unaweka na maikroRNA yako, mwanga ukipungua maana yake imeshika. Badilisha herufi za tovuti ya mbegu, mwanga unatakiwa urudi. Na lile neno la mwanzo, kidogo tu, ndo hapa. Kwa tovuti moja ya asili upungufu mara nyingi haufiki hata nusu. Usisikitike ukipata asilimia 30, hiyo ndo biolojia yenyewe. Ukiona asilimia 90 rudi uangalie dozi.

Mwisho wa hatua hii ni uokoaji. Rudisha lengo ndani ya seli bila ule mkia wake, ili maikroRNA isiweze kulishika, alafu weka maikroRNA. Seli zikianza kukua tena, basi kweli hilo lengo ndo njia. Zikiokoka nusu tu sema nusu, kuna malengo mengine, na ni kawaida.

Na tafadhali, kabla hujanakili primu au oligo yoyote kutoka kwenye makala ya mtu, ipitishe BLAST kwanza, programu ya bure inayoonyesha herufi hizo zinaoana na jeni gani. Jennifer Byrne wa Australia na wenzake wametumia miaka kuonyesha makala za kansa ambazo oligo zake hazilengi jeni inayotajwa, nyingine zinatoka kwenye viwanda vya kutengeneza makala za kuuza, na makala za maikroRNA ni kati ya zilizoathirika sana. Dakika mbili tu za BLAST.

Panya watakuambia ukweli hata usiotaka

miR-34a ina kila kitu kwenye sahani. Inawashwa na p53, inaminya BCL2, CDK4, CDK6, MET, protini zinazosaidia seli kuishi na kugawanyika, orodha ndefu. Ila 2012 watafiti walifuta ukoo mzima wa miR-34, a, b na c, kwa panya, na panya hawakupata kansa zaidi ya wenzao, na p53 iliendelea na kazi zake. Hii haifuti yote, inaweza kuwa na maana kwenye kansa fulani tu au seli ikishakuwa na hitilafu nyingine, lakini inakufundisha kwamba "inaua seli za kansa kwenye sahani" na "ni mlinzi wa mwili" ni madai mawili tofauti. Linganisha na panya wa miR-15a na miR-16-1 niliokuambia pale juu.

Upande wa kutibu panya kuna mifano mizuri, let-7 kwenye uvimbe wa mapafu wa panya wenye K-ras 2008, na miR-26a kwenye kansa ya ini 2009 ikibebwa na virusi vya AAV, vinavyotumika kubeba jeni. Panya walisaidika. Binadamu ndo kazi.

MRX34 ilikuwa mimiki ya miR-34a ndani ya liposomu, vifuko vidogo vya mafuta, ya kwanza ya aina yake kupewa wagonjwa wa kansa, ilianza 2013 Marekani. Walitibiwa wagonjwa 85 wenye kansa zilizosambaa, watatu uvimbe ulipungua kwa kiasi cha kuhesabika. Mwaka 2016 majaribio yakasimamishwa kwa sababu ya madhara makubwa ya kinga ya mwili, na wagonjwa wanne walifariki. Naandika hili taratibu kwa sababu hao ni watu. Australia nao walijaribu mimiki ya ukoo wa miR-16 kwa kansa ya mesothelioma, ile inayohusiana na asbesto, ikiwa imepakiwa kwenye vifuko vinavyotokana na bakteria, matokeo yakatoka 2017: kati ya 22 waliopimwa, mmoja uvimbe ulipungua na 15 ulisimama kwa muda. Mpaka sasa hakuna dawa ya maikroRNA ya kansa iliyoidhinishwa. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa akikupigia simu kwamba kuna mtu anauza vidonge vya maikroRNA, mwambie asinunue, aendelee na kliniki.

Kama hela ni ndogo

Najua wengi mna bajeti ya milioni chache. Kompyuta kwanza, bure. Slaidi na patholojia, karibu bure. Alafu kupima kwenye seli safi. Alafu kabla ya kununua mimiki nunua kizuizi na kontroli ya mbegu iliyobadilishwa, panya waache kwa atakayekuja baada yako au kwa mshirika mwenye banda lao. Na kwenye muhtasari andika pete uliyofika. Kama umepima tu, andika "imepungua katika seli za epithelia za uvimbe, na upungufu huo unaendana na kufutika kwa kromosomu". Kama umeondoa na kurudisha, andika "inapunguza ukuaji wa seli katika laini mbili". Jina la mlinzi dhidi ya kansa liachie yule atakayefuta jeni kwa panya akaona kansa imekuja.

Na wekeni lebo ya saa kwenye mirija ya damu, saa ya kutoa na saa ya kuzungusha, kwa kalamu isiyofutika kwenye baridi.